Maisha ya Daktari Leonard Noon

Mvua zinapokaribia kwisha katika nchi ya Shinyanga, mahindi na mtama hutoa maua, na majani ya mbugani hurefuka hata kufikia kifua cha mtoto. Mtu akipita katikati ya shamba la mahindi wakati ule, hutoka na unga wa rangi ya manjano kichwani na mabegani. Unga huo, ambao vitabu huuita chavua, hupeperushwa na upepo kutoka ua hata ua, ili mimea ipate kuzaa. Watu wengi hujipangusa tu, wakaendelea na safari yao. Lakini wako wengine ambao unga wa maua ukiwaingia puani hupiga chafya mara kumi, mara ishirini, pasipo kupumzika. Macho huwawasha na kuwa mekundu, kamasi huwatoka kama maji, na pengine kifua hubana hata pumzi hutoka kwa shida na kwa mlio kama filimbi.

Vivyo hivyo kwa nyuki. Warina asali huumwa mara nyingi, na kwa wengi wao uvimbe hupungua baada ya siku moja au mbili. Lakini yuko mtu ambaye akiumwa na nyuki mmoja tu, mwili wote humvimba, pumzi humpaa, nguvu humwishia akaanguka, naye asiposaidiwa upesi hufa. Mbona jambo moja limdhuru huyu, na mwenziwe aliyesimama kando yake lisimdhuru? Hali hii ya mwili kukichukia kitu ambacho kwa wengine si kitu, leo huitwa mzio. Katika somo hili tutasoma habari za Daktari Leonard Noon, Mwingereza aliyeonyesha jinsi mwili unavyoweza kufundishwa, kidogo kidogo, kuacha machukio hayo. Lakini kwanza yatupasa kujua habari za wale waliomtangulia, maana hakuna mtu agunduaye jambo akiwa peke yake.

Katika nchi ya Uingereza majani hukatwa na kukaushwa wakati wa joto, yawe chakula cha ng'ombe na farasi siku za baridi. Kwa kuwa watu wenye mzio wa unga wa majani waliteswa wakati ule ule wa kuyakata, ugonjwa wao uliitwa homa ya majani makavu, ijapokuwa kwa kweli si homa. Mwaka 1819 daktari mmoja wa London, jina lake John Bostock, aliandika habari za ugonjwa huo kwa ukamilifu, na mgonjwa aliyemweleza alikuwa ni yeye mwenyewe. Kila mwaka wakati wa joto macho yake yalivimba na kifua chake kikabana. Hakujua sababu. Wengine walidhani ni ukali wa jua, wengine walidhani ni vumbi, na wengine walidhani ni harufu ya majani yenyewe.

Aliyeutafuta ukweli kwa bidii alikuwa Charles Blackley, daktari wa mji wa Manchester, aliyezaliwa mwaka 1820. Yeye naye alikuwa na ugonjwa huo. Mwaka 1859 watoto wake walileta nyumbani fungu la majani yenye maua, wakayatia katika chombo na kuyaweka chumbani. Blackley aliyakaribia, akayatikisa, unga ukaruka, na papo hapo akaanza kupiga chafya. Basi akaanza kuchunguza. Alikusanya unga wa majani namna nyingi, akauvuta puani makusudi, akautia machoni. Alikwaruza ngozi ya mkono wake, akapaka unga juu ya mkwaruzo, na mahali pale pakavimba na kuwasha. Mkwaruzo wa pili usiopakwa unga haukuvimba. Alitega vioo vyenye kunata nje ya nyumba yake, akahesabu kila siku chembe za unga zilizonaswa, akaona kwamba siku za unga mwingi ndizo siku za mateso makubwa. Tena alirusha tiara juu sana angani, kimefungwa kioo cha kunata, akaona kwamba hata huko juu upepo hubeba unga. Mwaka 1873 alitoa kitabu cha majaribio yake. Tangu hapo sababu ilijulikana, lakini dawa haikupatikana. Blackley alikufa mwaka 1900, na chafya zake hakuzipatia tiba.

Sasa na tuiangalie njia nyingine, iliyoanzia mbali na kuja kukutana na hii. Tangu zamani watu wa Uchina, Uhindi, Uarabuni na sehemu nyingi za Afrika walijua ya kwamba mtu aliyekwisha kuugua ndui na kupona haugui tena. Kwa hiyo walichukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, wakawachanja nao watu wazima wa afya, ili waugue kidogo na kusalimika. Njia hiyo ilikuwa na hatari, maana wengine walikufa. Mwaka 1796 Edward Jenner, Mwingereza, alionyesha kwamba ndui ya ng'ombe, ambayo haiui watu, hukinga vile vile. Hivyo watu walijifunza jambo la ajabu, kwamba mwili ukionjeshwa adui kwa kiasi kidogo, hujiweka tayari kumpinga.

Fikira hiyo ilipata nguvu sana, na wataalamu wengi wakataka kuitumia kwa kila ugonjwa. Mmoja wao ni Robert Koch, Mjerumani, ambaye nyayo zake zilifika hata katika nchi zetu za ziwani. Mwaka 1882 Koch aliwatambua vijidudu viletavyo kifua kikuu, akapata sifa duniani kote. Mwaka 1890 akatangaza kwamba amepata dawa itokanayo na vijidudu hivyo hivyo, nayo ilipigwa kwa sindano. Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu, wengine wakichukuliwa vitandani. Lakini dawa haikuwaponya. Wengine walizidiwa baada ya sindano, na wengine wakafa. Hata hivyo kushindwa kule kulikuwa na faida, kwa sababu ilionekana kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu huweza kukipokea kwa namna nyingine kabisa mara ya pili. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, daktari wa mji wa Vienna, aliipa hali hiyo jina, nalo ndilo jina la kigeni la mzio litumikalo hata leo.

Mwaka huo huo wa 1906 Koch alikuwa kwetu. Alipita Mwanza, akavuka Ziwa Viktoria mpaka visiwa vya Sese katika Uganda, ambako malale yalikuwa yakiua watu wengi sana. Huko aliwapiga wagonjwa sindano za dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya madini. Dawa ilipoonekana haitoshi, vipimo viliongezwa. Na baadhi ya wagonjwa waliopata vipimo vikubwa wakapofuka macho. Wagonjwa wale walikuja kutafuta uzima, wakarudi makwao wakiongozwa kwa fimbo. Habari hii ni ya kuhuzunisha, nasi hatuisomi ili kumdharau mtu, bali ili tujue jambo moja. Kitu kile kile chaweza kuwa dawa au kuwa sumu, na kinachovitenga viwili hivyo ni kipimo. Leonard Noon alilijua jambo hilo, na kazi yake yote ilisimama juu yake.

Leonard Noon alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1877 nchini Uingereza. Alisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, akajifunza udaktari, kisha akachagua kazi ya uchunguzi. Kabla ya kushughulika na unga wa majani alichunguza sumu ya pepopunda, yaani ule ugonjwa ushikao mwili wa mtu aliyeumia ukaukaza kama gogo. Katika kazi hiyo alizoea kupima sumu kwa uangalifu, kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho.

Baadaye aliingia katika hospitali ya St Mary's, London, katika idara ya chanjo. Mkuu wa idara ile alikuwa Almroth Wright, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa chanjo ya homa ya matumbo. Wright aliamini kwamba siku moja kila daktari atakuwa mchanjaji, na kwamba chanjo haifai kwa kukinga tu, bali hufaa hata kwa kuponya mtu aliyekwisha kuugua. Hapo ndipo alipofanya kazi pia Alexander Fleming, aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928. Na hapo Noon alikuwa na rafiki, daktari mwenziwe, jina lake John Freeman, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1877. Wawili hawa walipatana sana, wakaanza pamoja kuchunguza ugonjwa wa unga wa majani.

Noon alifikiri hivi. Yeye alidhani kwamba ndani ya unga wa majani mna sumu, na kwamba watu wachache, kwa udhaifu wa miili yao, hudhuriwa nayo. Ikiwa ni sumu, basi mwili waweza kuzoezwa kuishinda, kama vile mwili unavyozoezwa kuishinda sumu ya vijidudu. Baadaye tutaona kwamba dhana hiyo ya sumu ilikuwa na kosa. Lakini njia aliyoifuata ilikuwa njema, kwa kuwa alikataa kukisia. Kila hatua aliipima.

Kwanza alitafuta unga wa namna nyingi za majani, akachagua ule ulioonekana kuwa na nguvu kupita mwingine, yaani unga wa majani marefu ya malisho ambayo Waingereza huyaita timothy. Aliuloweka katika maji safi, akayagandisha kwa baridi na kuyayeyusha mara kwa mara ili nguvu ya unga itoke. Kisha akayatia maji yale katika vijichupa vya kioo, akavifunga, akavichemsha ili vijidudu vyote vife.

Pili, alihitaji kipimo. Ukisema kijiko, au tone, au chembe, kila mtu atapima lake. Basi Noon akaweka kipimo chake mwenyewe. Chukua gramu moja ya unga, ambayo haifiki uzito wa punje chache za mahindi, uigawe mafungu milioni moja yaliyo sawa. Nguvu inayotoka katika fungu moja tu ndiyo aliyoihesabu kuwa moja. Kipimo hicho kiliitwa kwa jina lake, nao madaktari walikitumia kwa miaka mingi.

Tatu, alihitaji njia ya kujua kama mgonjwa anapata nafuu au hapati, pasipo kutegemea maneno ya mgonjwa peke yake. Maana mtu aliyetiwa matumaini huweza kusema amepona, na mtu aliyekata tamaa huweza kusema anazidi kuugua, hali mwili haukubadilika. Noon akatumia jicho. Alitengeneza maji ya unga ya nguvu mbalimbali, akatia tone la nguvu ndogo kabisa katika jicho la mgonjwa, akangoja. Jicho lisipokuwa jekundu, alitia tone lenye nguvu zaidi, na tena zaidi, mpaka wekundu ulipoonekana. Hapo akaandika hesabu. Macho ya watu wasio na ugonjwa hayakugeuka hata kwa maji makali sana. Lakini macho ya wagonjwa yaligeuka kwa maji hafifu mno. Basi jicho likawa kwake kama mizani ya duka.

Baada ya kuwa tayari hivyo, alianza kuwapiga wagonjwa sindano chini ya ngozi. Alianza na kiasi kidogo sana, akangoja siku, akapima jicho tena, akaongeza kidogo. Kwa njia hiyo aliona mambo matatu, ambayo hata leo madaktari huyashika. Jambo la kwanza, baada ya sindano mwili huweza kuwa mwepesi wa kudhurika kwa muda, kisha nguvu zake za kuvumilia hupanda kupita zilivyokuwa mwanzo. Jambo la pili, sindano zikifuatana upesi mno, kabla mwili haujapumzika, hasara hushinda faida. Yafaa kungoja wiki moja au mbili kati ya sindano na sindano. Jambo la tatu, kipimo kikizidi, mgonjwa hurudi nyuma, na pengine huingia hatarini. Kwa hiyo aliona ni heri kuwachanja wagonjwa kabla ya majani kutoa maua, wawe tayari unga utakapokuja, kama vile mkulima alimavyo shamba kabla ya mvua.

Ninyi mnaojua kazi ya shamba mtaelewa ugumu wa jambo hilo. Mwanadamu hupenda matunda ya haraka. Mgonjwa ateswaye husema ongeza dawa, na daktari apendaye sifa hushawishika kuongeza. Noon hakushawishika. Kipimo cha leo kilitegemea hesabu ya jana, wala si tamaa ya mtu.

Tarehe 10 Juni mwaka 1911 habari za kazi hiyo zilitokea katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Hazikuwa ndefu, zilijaza kurasa mbili tu. Ndani yake hamkuwa na majivuno wala ahadi kubwa, bali hesabu, na njia, na onyo kwa wale watakaofuata. Lakini ni wachache katika historia ya udaktari walioandika kurasa mbili zilizodumu kama zile.

Wakati huo Noon mwenyewe alikuwa ameanza kuishiwa na nguvu. Alishikwa na kifua kikuu, ule ugonjwa ambao Koch alikuwa amevitambua vijidudu vyake karibu miaka thelathini nyuma, na ambao dawa yake ilikuwa haijapatikana bado. Yeye aliyekuwa akiwatafutia wengine pumzi, pumzi yake mwenyewe ilipungua. Hakuweza tena kuendelea na kazi. Angaliweza kuona uchungu na kuacha kila kitu kivunjike, au kuficha hesabu zake ili mwingine asipate sifa. Lakini kazi yake ilikuwa imeandikwa vizuri, kila kipimo mahali pake, hata mtu mwingine aliweza kuishika pale pale alipoiacha.

Aliyeishika ni rafiki yake Freeman. Yeye aliendelea kuwachanja wagonjwa na kuwaangalia katika wakati wa joto wa mwaka 1911, unga wa majani ulipojaa hewani. Mwezi wa Septemba mwaka ule alitoa habari za wagonjwa 20, na wengi wao walikuwa wamepata nafuu. Mwaka 1914 alitoa tena habari za wagonjwa 84. Lakini Noon hakuwapo kuzisoma. Alikuwa amekufa mwezi wa Januari mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 35 tu. Freeman aliishi mpaka mwaka 1962, naye hakuacha kazi ya kuwatibu wenye mzio.

Msomaji huenda atauliza, je, ikiwa Noon alikosea kudhani kwamba unga una sumu, mbona dawa yake ilifaa? Jibu lilipatikana polepole. Mwaka 1921, huko Ujerumani, madaktari wawili walifanya jaribio la ajabu. Mmoja, Heinz Küstner, alikuwa na mzio wa samaki. Mwenziwe, Carl Prausnitz, hakuwa nao. Walichukua maji ya damu ya Küstner, wakayatia kidogo chini ya ngozi ya Prausnitz, na siku ya pili wakatia nguvu ya samaki mahali pale pale. Ngozi ikavimba. Hivyo ilijulikana kwamba kosa haliko katika samaki wala katika unga, bali katika kitu fulani kilichomo ndani ya damu ya mgonjwa. Kitu hicho kilitambuliwa hasa katika miaka ya 1966 na 1967, na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliofanya kazi Marekani, na pia na Johansson na Bennich wa Uswidi.

Fikirini juu ya mlinzi wa usiku. Kazi yake ni kupiga kelele akiona mwizi. Lakini mlinzi huyu amekosea, akamdhani mpiti njia kuwa ni mwizi; basi kila mpiti njia akipita, hupiga kelele na kuamsha mji mzima. Kelele hizo ndizo chafya, na uvimbe, na kubana kwa kifua. Mpiti njia hana kosa. Dawa ni kumwonyesha mlinzi mtu yule mara nyingi, kwa mbali kwanza, kisha karibu zaidi, mpaka amzoee na kunyamaza. Ndivyo sindano za Noon zinavyofanya kazi, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua hayo.

Hata hivyo kwa miaka mingi hapakuwa na hakika kamili kwamba nafuu ya wagonjwa ilitoka katika sindano, wala si katika matumaini yao. Mwaka 1954, katika hospitali ile ile ya St Mary's, Daktari William Frankland na Rosa Augustin walitoa habari za jaribio lililofanywa kwa watu wapatao 200. Wengine walipigwa sindano zenye nguvu ya unga, na wengine sindano zisizo na nguvu hiyo, wala wagonjwa hawakujua wamepewa ipi. Waliopewa nguvu ya unga wakapata nafuu kupita wenzao. Frankland huyo aliishi miaka 108, akafa mwaka 2020.

Na wale wenye mzio wa nyuki je? Tangu mwaka 1930 madaktari walikuwa wakisaga nyuki mzima, wakatengeneza sindano kwa mwili wake wote, na kila mtu akaamini kwamba njia hiyo ni njema. Lakini mwaka 1978, huko Marekani, wachunguzi waliipima kwa mizani ya kweli. Waliona kwamba sindano za nyuki wa kusaga hazikuwa bora kuliko sindano zisizo na kitu, bali sindano za sumu yenyewe ya mdudu, kwa kipimo kidogo kinachopandishwa, ziliwakinga karibu watu wote. Miaka karibu hamsini watu walikuwa wakitumia kisichofaa, kwa sababu tu hakuna aliyekipima.

Siku hizi matibabu hayo hutumika katika nchi nyingi za dunia. Huanza kwa vipimo vidogo vidogo, kila wiki sindano moja, mpaka kifikiwe kipimo kikubwa kinachovumilika. Kisha hupigwa kila mwezi, kwa miaka mitatu hata mitano. Wengine hupewa matone au vidonge vya kuwekwa chini ya ulimi. Baada ya kila sindano mgonjwa hungoja nusu saa mbele ya daktari, ili mwili ukighadhibika apate dawa upesi. Kwa sababu hiyo mtu asijaribu nyumbani kujizoeza kwa nyuki, au kwa unga, au kwa chakula kinachomdhuru. Kazi hii ni ya daktari aliyejifunza. Na mtoto akiona mwenziwe ameumwa na nyuki, kisha uso unamvimba na pumzi inamshinda, asingoje kuona kama atapoa. Amwite mtu mzima mara moja, wampeleke hospitali. Wala mtoto apigaye chafya shuleni majani yatoapo maua asichekwe, wala asidhaniwe kuwa ni mvivu au amerogwa. Mlinzi wa mwili wake amekosea tu.

Leonard Noon hakuishi kuwa mzee, wala hakujengewa sanamu kubwa. Dhana yake juu ya sumu ilikuja kuonekana kuwa na kosa. Lakini hesabu zake hazikuwa na kosa, kwa sababu alipima kabla ya kusema, akaandika alichokiona, akawaachia wengine. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa haba zile za unga, ndogo kuliko vumbi linalosalia katika kinu, watu wengi wamepata kupita katikati ya majani yenye maua, wakapumua bila taabu.